Sijaomba Kupunguziwa

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la bibi limetulia, na baba ameacha kuifungua redio kila inapokoroma, maana kila akiifunga tena hubaki na skrubu mbili mkononi na kudai hazikuwa na kazi. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kiko juu ya duka la mikate. Joto la tanuri linapanda hadi sakafuni, kwa hiyo nalala vizuri na kuamka na njaa. Ulinikataza kukueleza mambo ya maana kwa simu kwa sababu kwenye simu nakukatiza. Nimetii. Kaa chini, vaa miwani.

Kazi huku ugenini nimepata, na ni ile niliyoisomea: karakana ya miguu bandia. Nimepewa miezi sita ya majaribio, kisha wataamua kama nabaki. Tuko watu wachache. Kuna mzee mmoja anayechukua vipimo vya miguu kwa plasta, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mimi namwita Mzee Plasta, kimoyomoyo. Kuna msimamizi, mtu mpole kweli. Kila asubuhi anapita mezani kwetu akimuuliza kila mmoja amelalaje, na anasubiri jibu. Mweusi pale ni mimi peke yangu, ukiacha wateja, na wateja weusi si haba. Kabla hujauliza: hapana, hakuna aliyenitukana.

Kuna jambo dogo tu. Mguu bandia ni chuma. Juu ya chuma huvalishwa kava la mpira laini, lenye umbo la mguu na rangi ya ngozi, ili mtu akikaa bila soksi aonekane ana miguu miwili. Makava yanatoka kiwandani tayari, na kwenye kabati letu yamebandikwa maneno "Rangi ya mwili". Rangi yenyewe ni ya mkate kabla haujaingia tanurini. Wiki jana nilimvalisha mama mmoja dereva wa basi, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Ni mweusi tii, mwili mkubwa, sauti ya kushusha na kupandisha abiria. Karakana nzima inamwita Mama Usukani naye anaitika. Akautazama mguu mpya, akautazama wake wa kulia, akaniuliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Tukacheka wote, naye akacheka. Baadaye nilimuuliza msimamizi kama kuna makava mengine. Akasema yapo kwa maombi maalumu, yanachukua muda na hayana uhakika, na kwamba hapa karakana hatuoni rangi, tunaona mtu. Basi. Sijui hata kwa nini nakuandikia habari hii. Wasalimie wote.

Mpwa wako


27 Februari

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la bibi yako linauma mvua ikikaribia na linauma jua likiwaka, kwa hiyo ameacha kulitumia kutabiri. Redio ya baba yako sasa inashika kituo kimoja tu, cha lugha tusiyoijua, naye anaisikiliza kwa heshima zote. Saluni inakwenda. Huu ni msimu wa maharusi. Rafu ya tatu ya vipodozi naijaza kila wiki na kila wiki inabaki tupu.

Tuje kwenye jambo lako dogo. Ulipokuwa mtoto ulivunja kioo kikubwa cha saluni ukaja kuniambia, "Shangazi, kuna jambo dogo." Nayajua madogo yako.

Watu wengi wakisikia ubaguzi wa rangi humfikiria mtu mwenye uso mbaya anayetukana wenzake barabarani. Huyo yupo, na ukimkuta mjibu. Ulimi unao, umeurithi kwangu. Lakini yeye ni moshi tu. Moto uko kwenye kabati. Msimamizi wako anaweza kuwa mtu mwema, anayelisha paka wa jirani, asiyewahi kumwonea mtu kwa kujua, na bado kila asubuhi kabati lake likasema bila kufungua mdomo: mtu ni huyu, wengine wataomba. Ndiyo maana jambo hili linadumu vizazi na vizazi. Tusi humwaibisha aliyelitoa. Kabati halina aibu.

Na hilo la "hatuoni rangi" nimelisoma nikacheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akadhani namcheka nywele. Wewe mwenyewe ulinieleza zamani, ukiwa bado unasoma, kwamba karakana hizi huchora makava kwa anayetaka: maua, timu za mpira, madoa ya chui. Kwa hiyo haoni rangi, ila chui anamwona.

Usinijibu kwamba wewe si mbaguzi, wewe ni fundi tu, unavalisha unachopewa. Jiwe nalo si mbaguzi. Kutokufanya ubaya ni kazi ya mawe. Wewe una mikono, na mikono hiyo ndiyo inayofungua lile kabati. Katika nyumba iliyojengwa imeinama, anayesimama tu naye anainama.

Siku ya kikao chenu uliza maneno matatu: mwili wa nani? Usitangulize samahani. Usimalizie na "nilikuwa nauliza tu". Uliza, ufunge mdomo, uache swali likae mezani kama sahani chafu, tuone nani ataiondoa.

Na kitu kingine. Umeandika kwamba yule mama aliuliza mwenzake yuko wapi, na kwamba mlicheka. Hukuandika wewe ulimjibu nini.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa, ilikaa wiki nzima dukani chini, mwoka mikate akidhani ni ya mkewe. Ameniomba radhi kwa mkate. Mimi mzima, ila mikono inawasha kwa vumbi la mpira. Mwambie baba skrubu zikifika tano anitumie, kazini kwetu zinatakiwa.

Nilimwambia atazoea. Ndilo jibu nililompa Mama Usukani. "Utazoea, mama." Hilo limekwisha, usilirudie.

Swali nimeliuliza. Kikao kilikuwa kinazungumzia likizo. Msimamizi akasema kama kuna lingine, nikasema, kwenye kabati letu imeandikwa rangi ya mwili. Mwili wa nani? Nikafunga mdomo kama ulivyoagiza. Shingo ya msimamizi ikawa nyekundu. Akasema amehuzunika sana, hakutegemea mimi nimwone hivyo, yeye ambaye amewahudumia watu wa kila aina. Machozi yakamlengalenga. Mwenzetu mmoja akaenda kumletea maji, mwingine akamshika bega, na mimi, shangazi, niliyeuliza maneno matatu, nikajikuta namwambia sikuwa na nia mbaya. Kikao kikawa cha kumpa pole yeye. Mguu wa Mama Usukani, aliouacha kwetu, ulikuwa pale pale kwenye meza, hakuna aliyeupa pole.

Tulipotoka Mzee Plasta akanivuta kwenye korido akaninong'oneza kwamba yuko upande wangu. Nikamwambia, "Upande wangu ulikuwa kule ndani, mzee. Na kiti kilikuwa wazi." Akaenda zake akifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Hata hivyo swali lako lilifanya kazi. Kesho yake msimamizi akaniruhusu nijaribu, kwa kava moja, kwa kutumia makopo ya rangi yale ya maua na chui. Nilifurahi nikakesha nalo kichwani. Sikuwa na mfano wa kufuata, kiwanda hakina, vitabu tulivyosomea havina. Nikakunja mkono wa shati nikafuata mkono wangu. Nilipomaliza nikasimama mbali, nikaona mguu umependeza.

Mama Usukani alipokuja aliugeuzageuza kama mtu anayekagua samaki sokoni. Kisha akauweka karibu na mkono wangu, si karibu na mguu wake. "Huu ni mguu wako, mwanangu," akasema. "Mimi ni mweusi kuliko hivi, na sijaomba kupunguziwa."

Sasa soma hapa taratibu. Usifikiri nilikosea kwa kufuata mkono wangu tu. Hilo ni kosa la kwanza, kudhani weusi ni rangi moja na mimi ndiye kipimo chake. Yaani na mimi nimetengeneza kabati langu. Kosa la pili ndilo linaloninyima raha. Rangi ilikuwa tayari imekwisha kushabihiana na mkono wangu, nami nikaongeza nyeupe. Kidogo, kwa ncha ya kijiti. Hakuna aliyeniambia. Mkono ulijiendea wenyewe kwenye lile kopo, ili upendeze. Nimejiuliza mkono huu ulijifunza wapi.

Nimekulia saluni kwako, shangazi. Nilikuwa napanga chupa za rafu ya tatu, zile za kung'arisha ngozi, kabla sijaweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Bado unaziuza?

Mpwa wako


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi mzima. Baba yako mzima. Redio imekufa rasmi. Mvua ni nyingi, barabara ya mbele ya saluni imekuwa mto, na diwani alikuja kuipiga picha akaondoka. Nimemwandikia gazetini aya nne ambazo hatazisahau.

Msimamizi wako ni mtu wa kulia ili asijibu. Nimekutana na wengi wa aina hiyo, wa kila rangi na kila cheo. Ukiwagusa walipokosea wanakuonyesha walipoumia. Machozi yao yasikurudishe nyuma. Mtu anaweza kulia na kufungua kabati kwa wakati mmoja, mikono na macho ni viungo tofauti.

Kuhusu rafu, sikuelewa swali lako limeingiaje hapo. Saluni ni biashara. Mtu mzima anakuja na akili zake anataka kung'aa, mimi si mama yake. Ada zako za chuo hazikushuka kutoka mbinguni. Ukitaka kupigana na ubaguzi pigana na wanaoufanya, usianze kupekua majumbani mwa watu waliokulea.

Andika habari za yule mama, hizo ndizo za maana.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie bibi. Mpe baba pole ya msiba wa redio.

Habari za yule mama ndizo hizi. Msimamizi alipoona kava langu limekataliwa, alisema kwa upole, "Unaona? Hata wewe umeshindwa. Kiwanda kina sababu zake." Jaribio limefungwa. Makopo yamerudi kwenye kabati na ufunguo uko mfukoni mwake. Ameniagiza nimkabidhi Mama Usukani mguu wenye kava la kawaida, mwisho wa Juni, mbele yake. Nisipofanya hivyo atajua la kuandika kwenye tathmini ya miezi yangu sita. Hakutisha. Alisema kama mtu anayenikumbusha kuchukua mwavuli.

Mama Usukani amekataa. Alisema apewe chuma chake kitupu, atatembea nacho, chuma angalau hakijidai kuwa ngozi ya mtu. Karakana imegoma: mguu hautoki bila kava, ni taratibu. Kwa hiyo mguu uko kwenye meza yangu, umekamilika, na mwenyewe yuko nyumbani na magongo. Kampuni ya mabasi imemshikia nafasi yake mpaka mwisho wa Julai tu, baada ya hapo anapewa mwingine. Ameambiwa anajichelewesha mwenyewe kwa ajili ya urembo. Mwanamke anayetaka miguu yake ifanane anaitwa mpenda urembo.

Sitamkabidhi lile kava. Nimeshaamua, sikuombi ushauri.

Lakini nina neno na wewe. Nikiwa na miaka saba niliketi kwenye kiti chako cha saluni, ukampaka bibi harusi mmoja mashavuni, ukaniambia, "Tazama, sasa anaonekana." Kabla ya hapo alikuwa haonekani? Kwenye zile chupa, nakumbuka neno kwa neno, imeandikwa "Rudisha rangi yako halisi". Wewe uliyenifundisha kuuliza, nakuuliza kwa swali lako mwenyewe. Rangi ya nani?

Ada ulilipa, na nitakushukuru mpaka nife. Nilipofika huku nikakuta kabati, nikakutana na rafu ya tatu imevaa koti jeupe la kazi. Ndiyo maana sikuliona mara ya kwanza. Nilikuwa nimelizoea nyumbani.

Usinijibu kuhusu mvua.

Mpwa wako


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Bibi na baba hawajambo, wakati huu sina la kuongeza juu yao ila moja litakalokuja.

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa aproni, nikakasirika mpaka Jumatatu. Nilikuandikia jibu la kurasa sita. Lilikuwa jibu zuri sana, nilikushinda katika kila aya. Kisha Jumatatu akaja mama mmoja na binti yake anayeolewa. Binti mweusi wa kung'aa, shingo ndefu. Mama akaomba chupa mbili za rafu ya tatu, za kuanzia, ili binti asije akapotea kwenye picha. Nikazishusha. Nikajisikia nauliza, "Apungue kiasi gani?"

"Kiasi cha kupendeza," akasema yule mama.

Binti akatazama sakafu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, maelfu wametazama sakafu ile, nami nilidhani wanatazama vigae. Nikazirudisha chupa nyuma ya mgongo wangu kama mtoto aliyeiba, nikasema haziuzwi. Mama akauliza mimi niliyemuuzia hata yeye siku yake ya harusi, leo nimeshukiwa na nini. Nikamjibu, "Na barua." Akamshika binti mkono wakaenda saluni ya pili, ambako walipokelewa kwa mikono miwili.

Nimeiondoa rafu yote. Nimemwaga chupa chooni moja moja, na baba yako anasema sasa mende wa humo watatoka weupe na kuanza kudai heshima. Bibi ameomba chupa tupu aweke mafuta ya taa. Nimempa.

Sitakuandikia kwamba najuta, kwa hiyo usisubiri. Kujuta ni starehe ya mtu aliyekaa. Nitakuandikia ninachokijua. Walikuja watu zamani na kipimo mkononi, wakatupima, wakatupanga kwa rangi kuanzia kwao kushuka chini. Kisha wakaondoka. Kipimo wakakiacha, na mimi, msomaji wa vitabu, mwandika magazetini, nikakifungulia duka. Niliwapiga vita wenye kabati la mbali huku nikiuza yale yale hapa kwangu. Hilo nimelisema. Nimelisema pia saluni, kwa sauti, mbele ya wateja waliokaa na dawa kichwani wasioweza kukimbia. Wawili wamehama. Mmoja amesema nimeingiliwa na siasa. Nimemwambia siasa ilikuwa kwenye uso wake tangu alipoanza kujipaka, mimi nimeitoa tu.

Wala sikuishia hapo. Nimekwenda kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, yule anayewasafisha maharusi kwenye kompyuta mpaka wanafanana na mama wa mtu mwingine. Nimemuuliza kwa nini kila anayetoka kwake ametoka mweupe. Akasema ndivyo mashine ilivyo. Nimemwambia nitakuja kila Jumamosi kuiuliza mashine. Jumamosi mbili nimekwenda. Ya pili alinifungia mlango, nikauliza kupitia dirishani.

Yule binti amerudi. Peke yake, kusukwa tu. Hatukuzungumza kuhusu mama yake. Alipokuwa anatoka alisoma kibao nilichopigilia mlangoni, akakisoma tena, akatabasamu. Kimeandikwa: HAPA HATUPUNGUZI MTU. Maneno ni ya Mama Usukani wako, mwambie nimeyachukua bila kumwomba ruhusa, na sirudishi.

Siku ya kukabidhi mguu itakuwa imepita ukisoma hii. Ukiwa umefukuzwa, njoo. Kuna rafu tupu na sijui niweke nini. Ukiwa hujafukuzwa, nataka kujua umekosea wapi.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, mara mbili. Hujambo? Bibi asiweke zile chupa karibu na jiko. Mwoka mikate ameniuliza kwa nini nilikuwa nalia kwenye ngazi na barua mkononi. Nimemwambia shangazi yangu anamgombeza mtu dirishani. Akanipa mkate.

Sikumkabidhi. Ila si mimi niliyelifanya la maana siku ile, ni wao.

Msimamizi alikuja saa za asubuhi, akaweka kava la kawaida mbele yangu, akangoja. Nikasema, "Hili sivalishi." Sikutoa hotuba. Akaanza kunieleza jinsi alivyosikitika. Hapo mlango ukafunguliwa, Mama Usukani akaingia na magongo yake, na nyuma yake watu. Alikuwa amewapigia simu wote aliowajua wenye miguu iliyotoka kwetu. Mwalimu wa hesabu. Mshona viatu. Mama muuza maua ambaye nilikuwa sijawahi kumwona bila soksi ndefu. Wengine siwajui. Wote weusi, kila mmoja weusi wake. Wakaketi kwenye benchi la wateja, wakakunja suruali na sketi, wakaivua miguu yao na kuipanga kwenye kaunta, mmoja baada ya mwingine, kama mikate.

Shangazi, ilikuwa rangi moja. Mstari mzima, ile rangi ya unga, na pembeni yake wale watu.

Mama Usukani akasema kwa sauti yake ya basi, taratibu, "Msimamizi, wewe huoni rangi, unaona mtu. Tutajie basi. Kila mguu ni wa nani?"

Akatazama. Alijaribu kweli, aliunyoosha mkono kwenye mmoja, akaurudisha. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeleta maji. Mashine zilikuwa zimezimwa, na nikasikia kiti kinaburutwa: Mzee Plasta alikuwa amekibeba kiti chake kutoka kwenye meza yake, akakiweka mwisho wa lile benchi, akakaa nao. Vumbi likamdondoka. Akasema, "Mpe ufunguo."

Msimamizi akanipa.

Usifikiri mambo yamekwisha. Kiwanda kimeandikiwa na hakijajibu. Msimamizi bado ananiuliza nimelalaje, ila sasa hasubiri jibu. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu ili waniangalie vizuri. Waniangalie. Nami nawaangalia. Na kwa kuwa huenda wakanitoa, nimemfundisha Mzee Plasta kuchanganya rangi, na yeye anamfundisha mwingine, ili wakinitoa mimi wajue wameshachelewa. Yale maandishi ya kabatini nimeyabandua. Msimamizi aliuliza tuandike nini badala yake. Nikamwambia tusiandike kitu, tumuulize kila anayekuja.

Kava la Mama Usukani tulilitengeneza mlangoni, kwenye mwanga wa jua, mguu wake wa kulia umenyooshwa kwenye kigoda na makopo chini. Safari hii sikukunja mkono wa shati. Nilimuuliza yeye. Kumbe weusi wake una wekundu kwa ndani, na karibu na kifundo unakuwa kama buluu, na kisigino ni rangi nyingine kabisa, nayo alitaka iwepo, na kovu la utotoni alitaka nimwekee kama la mguu wa kulia. Tulikosea mara mbili. Kopo la nyeupe nilikuwa nimelifunika kwa karatasi yenye maneno ya kibao chako. Aliyasoma, akasema, "Shangazi yako namdai kwa maneno haya, siku akipanda basi langu atalipa nauli kama watu wengine."

Nafasi yake kwenye mabasi ilikuwa imebaki na siku chache. Alivaa mguu, akavua kiatu cha pili, akakaa akakunja nne, akaitazama miguu yote miwili, mmoja mmoja, mpaka nikaogopa.

Nikamuuliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Akaupiga kofi la mapenzi. "Huyu hapa. Alikuwa amechelewa basi."

Mpwa wako